TAHADHARI: Anayeuza "triga laini" za Glock kwenye magrupu yetu ya WhatsApp

Wakuu, salaam. Uzi huu ni kwa ndugu zetu mlioko Marekani, hasa Texas, mnaomiliki bastola kihalali na mnapenda kwenda renji (uwanja wa kulengea shabaha) wikiendi. Wengine someni tu, huenda mna shemeji au binamu anayehusika.

Kuna jamaa anazunguka kwenye magrupu ya Watanzania na Wakenya wa Dallas, Fort Worth na Houston akiuza vipuri vya bastola za Glock. Ana maneno matamu, kila mtu kwake ni "ndugu yangu", na ukimuuliza anatoa wapi mali anajibu kwamba yuko ghala la silaha la polisi, kwa hiyo vipuri vinatoka kwenye bastola ambazo polisi wamezirudisha kiwandani kubadilishiwa mpya. Seti yake anauza dola 160: baa ya triga (chuma kinachopeleka mwendo wa triga, yaani kifyatulio, kwa pini), konekta (kibati kinachoishusha baa ili pini iachiwe), springi, pini ya kupigia risasi na plaja yake (kizuizi cha pini). Kauli yake ya biashara ni hiyo hiyo kila grupu: "Hii triga ni laini kama siagi, imeshazoea kazi, huhitaji kuifanyia kitu."

Huo ulaini anaousifia ndio ushahidi wa utapeli wake. Nitaeleza kwa nini, maana nimeona watu wenye akili zao wanabonyeza triga hiyo mezani, wanatabasamu, wanatoa simu kulipa.

Mimi si fundi wa kiwanda. Ila nashindana kidogo kulenga shabaha na huwa nawasaidia watu kwenye meza ya usafi pale renji, na seti za huyu bwana zimepita mikononi mwangu baada ya wenyewe kuanza kuona mambo ya ajabu. Zote zina alama ya mkono mmoja.

Bastola za aina hii hazina nyundo ya nje. Ndani ya slaidi (sehemu ya juu inayokwenda nyuma na mbele) kuna pini yenye springi. Slaidi ikirudi mbele, kishikio cha pini kinanaswa na mkia wa baa ya triga, pini ikiwa imevutwa kiasi tu, na kidole chako kwenye triga ndicho kinachomalizia kuivuta nyuma mpaka inaachiwa kwenda kupiga risasi. Glock 17 imekuwa hivyo tangu 1982, Gaston Glock alipoitengenezea jeshi la Austria, na hakuweka kitufe cha usalama pembeni kama bastola za zamani. Usalama wote uko ndani: ule ulimi mdogo katikati ya triga, plaja inayoziba njia ya pini, na mkia wa baa ya triga wenye umbo la msalaba ambao umekaa juu ya ngazi yake ili usiweze kushuka bastola ikianguka. Triga ya kawaida inahitaji nguvu ya kama kilo 2.5 na kusafiri milimita 12 na kidogo. Watu wanalalamika kwamba ni nzito na inakwaruza kama ina mchanga ndani ikiwa mpya. Ni kweli, mimi mwenyewe siipendi ikiwa mpya.

Sasa, ulaini wa halali upo. Ukipiga risasi mia kadhaa za mwanzo, vyuma vinavyosuguana vinajisafisha vyenyewe: konekta na baa ya triga vinapata mng'ao pale vinapogusana, na ule mchanga unapungua. Ukiangalia kwa tochi utaona mstari mwembamba unaong'aa, sehemu moja tu, na kingo zake bado ziko kali. Kipuri kilichozoea kazi ndivyo kinavyoonekana.

Vya huyu jamaa haviko hivyo. Nikasogeza baa ya triga kwenye taa: uso wa ule msalaba, pale unapokamata kishikio cha pini, ulikuwa na mikwaruzo iliyopishana, ya msasa, na ukingo wa juu umezungushwa. Rangi ya kiwandani imetoka mpaka sehemu ambazo hazigusani na kitu chochote ndani ya bastola. Kwani pale palisuguliwa na nini? Konekta ndiyo ilinichekesha. Ya kiwandani iliyo nyepesi huwa na alama ya kutoa, na ile nzito ina alama ya kujumlisha. Yake ilikuwa na alama ya kutoa iliyochorwa kwa kalamu ya kuchongea, imepinda, na mkono umeteleza mwishoni. Springi ya pini ilikuwa imekatwa: ncha moja imelala sawa kama ya kiwanda, nyingine imesimama kama ilivyoachwa na koleo. Na plaja imesagwa kingo ili iteleze haraka.

Kwa maneno mengine ameondoa chuma. Triga imekuwa nyepesi kwa sababu kitu kilichokuwa kimeshikilia pini kimepunguzwa.

Matokeo yake yanakuja kwa awamu. Kwanza ni springi: mtu anabonyeza, inasikika "taa!", risasi haitoki. Ukiitoa ile risasi unakuta praima (kile kidonge cha nyuma ya risasi kinachowasha baruti) ina kidoa kidogo tu badala ya shimo la kueleweka. Ukitumia risasi za Federal, ambazo praima zake ni laini, unaweza usigundue. Ukibadilisha ukaweka CCI, ambazo ni ngumu, zinaanza kugoma moja baada ya nyingine. Jamaa akiulizwa anasema "nunua risasi nzuri, ndugu yangu". Wengi wanaishia hapo, wanalaumu risasi.

Awamu ya pili ndiyo inayoniogopesha. Msalaba ukishazungushwa ukingo, unaanza kuteleza. Kuna kijana mmoja wa Arlington, mpole kabisa, bastola yake ilitoa risasi mbili kwa kubonyeza mara moja. Ya pili ilipiga dari la renji. Msimamizi alimtoa nje papo hapo, na alikuwa sahihi. Sheria ya shirikisho inaita bunduki ya rashasha kitu chochote kinachofyatua zaidi ya risasi moja kwa kubonyeza triga mara moja, na hutaki kuwa unawaelewesha watu wa ATF (idara ya shirikisho inayosimamia silaha) kwamba yako ni mbovu tu.

Halafu kuna kuanguka. Mnakumbuka mwaka 2017 SIG Sauer, kiwanda kingine cha bastola, walipotangaza kuifanyia bastola yao ya P320 maboresho bila malipo, baada ya kubainika kwamba inaweza kujifyatua ikianguka kwa pembe fulani. Sehemu ya dawa ilikuwa kuweka triga yenye uzito mdogo wa chuma chenyewe, ili mshtuko usiisukume nyuma. Wahandisi wa kiwanda kizima walilazimika kupigia hesabu gramu za triga. Huyu wetu ana msasa na meza ya jikoni.

Wanaouliza "nitajuaje yangu ni salama", fanyeni haya bastola ikiwa tupu. Magazini nje, chemba (pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa) tupu, angalia kwa macho na kwa kidole, risasi zenyewe ziwe chumba kingine. Jaribu kuvuta triga kwa kuishika pembeni bila kugusa ulimi wa katikati. Isikubali kwenda nyuma. Kisha ibonyeze kawaida, iendelee kushikwa hivyo hivyo, vuta slaidi nyuma na uiachie, halafu achia triga polepole. Lazima usikie na uhisi kliki ya kurudi. Isiposikika, au triga ikabaki imelegea nyuma, usiiwekee risasi tena. Ukitoa slaidi, sukuma kishikio cha pini kwenda mbele bila kugusa plaja: ncha ya pini isitokeze upande wa pili. Ikitokeza, plaja hiyo ni pambo.

Mafundi wana kibati cha rangi ya chungwa kinachowekwa mahali pa kifuniko cha nyuma cha slaidi, kina dirisha, unaona msalaba umekamata kishikio cha pini kwa kiasi gani. Unataka ukamate thuluthi mbili au zaidi. Kwenye bastola ya yule kijana wa Arlington ilikuwa kama umeshikilia ukucha. Kama renji yenu ina fundi aliyesomea Glock, mwombeni awaonyeshe, wengi hawatozi hata senti kwa kuangalia tu.

Kuhusu hadithi ya polisi: kuna ukweli ndani yake, ndiyo maana inauzika. Idara za polisi kweli hubadilisha bastola, na nyingi zimechubuka nje kwa kuingia na kutoka kwenye mkoba lakini ndani hazijapigwa sana. Ila kwa kawaida zinauzwa zikiwa nzima, kupitia maduka yenye leseni, zikiwa na namba yake kwenye fremu, slaidi na mtutu. Hakuna ofisa anayezifungua kipuri kipuri akuuzie kwa Zelle (huduma ya kutumiana pesa kwa simu). Na vipuri vya kiwandani vyenyewe si mali adimu: konekta mpya ya Glock ni suala la dola kumi na kitu au ishirini. Dola 160 unalipia msasa.

Bado sijafika kwenye baya zaidi. Ukishanunua na ukamsifia, anakufuata inbox na "zawadi": kifuniko cha nyuma cha slaidi "cha kazi", chenye kitufe. Wakuu, hicho si kifuniko. Ni kifaa cha kuifanya bastola ipige mfululizo, na kwa sheria ya Marekani kifaa chenyewe, hata kikiwa kwenye droo bila bastola, kinahesabiwa kuwa bunduki ya rashasha. Ni jela hadi miaka 10 na faini hadi dola 250,000. Septemba 2024 serikali ilikamata tovuti zaidi ya 350 zilizokuwa zinaingiza vifaa hivi na vya kuzuia sauti kutoka China, vingine vikiandikwa kwenye mzigo kama vitu vya kuchezea. Wanaonunua huacha majina na anwani zao. Kwa ndugu mwenye green card, kesi ya namna hii haiishii jela, inaishia uwanja wa ndege.

Na hapo hapo niseme jambo ambalo muuzaji huyu haulizi kamwe: mwenye viza ya mwanafunzi au ya matembezi kwa kawaida haruhusiwi hata kushika bastola wala risasi nchini humu, isipokuwa kwa mianya michache kama leseni ya uwindaji. Jamaa anawauzia wanafunzi. Mwingine alishauriwa anunue seti mbili, moja aitume nyumbani kwa mjomba mwenye leseni Nairobi. Vipuri vya bastola kutoka Marekani vinafuata sheria za kusafirisha silaha nje, na huko Kenya kuna Bodi ya Leseni za Silaha. Usimtie mjomba matatani kwa dola 160.

Namna ya kumtambua: hatumi picha ya uso wa msalaba kwa karibu hata umwombe vipi, anatuma picha za kwenye tovuti za maduka. Hapokei kadi, anataka Zelle au Cash App na anakuomba uandike "chakula" au "mchango wa msiba" kwenye maelezo. Ukimdai pesa anaanza na pole nyingi, halafu anakutoa kwenye grupu alilokuwa admini, halafu anaingia mitini na kuibuka na namba nyingine. Jina silitaji hapa kwa sababu anabadilisha kila mara, na picha yake ya sasa ya WhatsApp ni ya mtu mwingine asiyehusika.

Kama umeshauziwa: toa vipuri vyote, rudisha vya kiwandani, usijaribu kuchanganya baa yake na konekta yako ukidhani nusu ni salama. Usimuuzie mwingine ili urudishe hela yako. Weka kila kitu kwenye mfuko pamoja na bahasha yake, maana alituma kwa USPS (Posta ya Marekani), na utapeli kwa njia ya posta una wakaguzi wake wa Posta wanaoufuatilia. Toa taarifa pia kwa FTC (tume ya kulinda wateja) na IC3 (kituo cha FBI cha uhalifu wa mtandaoni). Aliyelipa kwa Zelle apige simu benki leo, ingawa sitamdanganya mtu kwamba ni rahisi kurudishiwa. Na aliyepewa ile "zawadi" asinitumie picha wala asiipeleke popote mwenyewe; atafute wakili kwanza, wakili ndiye azungumze na ATF.

Maadmini wa magrupu, naomba mbandike huu uzi juu kwa wiki hii. Mara ya mwisho alionekana kwenye grupu la michango ya harusi huko Houston.