Sanduku la majaribio ya nuru: vifaa vinasema kweli, kijitabu kinapotosha

Kwa muda wa wiki tatu nimekuwa nikitumia sanduku la majaribio ya nuru linalouzwa kwa wanafunzi wa sekondari na kwa wazazi wanaopenda kuwafundisha watoto wao wenyewe. Maoni haya yanatokana na kufanya kila jaribio lililomo kijitabuni, mengine mara mbili au tatu, nikiwa na rula na kipimapembe mkononi. Ndani ya sanduku mna tochi yenye mwanya mwembamba wa kutolea mwale, kioo bapa cha kujitazamia, prizimu moja yenye pembe za nyuzi 60, kipande cha plastiki angavu chenye umbo la nusu duara, lenzi mbili, vichujio vitatu vya rangi, taa tatu ndogo za nyekundu, kijani na buluu, pamoja na kipande chembamba cha plastiki kilichochorwa mistari 500 katika kila milimita, ambacho hutawanya nuru katika rangi zake.

Nianze na kinachostahili sifa. Kipande cha nusu duara kimetengenezwa kwa uangalifu mkubwa. Mwale ukiingizwa kupitia upande wa mviringo kuelekea kitovu, haupindi unapoingia, kwa kuwa unaugonga uso huo kwa pembe mraba. Kupinda kote hutokea kwenye uso bapa, yaani pale pale panapohitaji kupimwa. Nilipoutuma mwale kutoka hewani kwenye uso bapa kwa nyuzi 30, ndani ulisoma nyuzi 19 na nusu. Nilipoutuma kwa nyuzi 60, ulisoma 35 na nusu. Ukigawanya saini (sine ya hesabu za pembe) ya pembe ya nje kwa saini ya pembe ya ndani, mara zote mbili unapata takriban 1.49, ambayo ndiyo thamani inayojulikana ya upindaji wa nuru katika plastiki ya akriliki. Kisha nikageuza njia, mwale ukawa unatokea ndani kwenda nje. Kadiri nilivyokizungusha kipande, mwale uliotoka ulizidi kulala na kingo zake zikaanza kupata rangi. Karibu na nyuzi 42 zambarau na buluu zikatangulia kutoweka, nyekundu ikabaki peke yake kama uzi mwembamba ulioambaa uso wa plastiki, na mara nayo ikazimika, nuru yote ikawa inaakisiwa ndani. Kijitabu hakitaji hata kidogo huo mfuatano wa rangi, ingawa ndio unaoonyesha kwamba kila rangi hupinda kwa kiasi chake.

Kioo bapa ndicho kilichonichosha. Kanuni ya kuakisi ni nyepesi: pembe ya mwale unaoingia ni sawa na pembe ya mwale unaorudi, zote zikipimwa kutoka kwenye mstari uliosimama wima juu ya uso wa kioo. Hata hivyo, kila nilipoingiza mwale kwa nyuzi 40, karatasi ya vipimo ilinionyesha unarudi kwa nyuzi 41 na nusu hivi. Kijitabu kinasema kwamba tofauti hiyo hutokana na mkono wa mpimaji kutotulia. Mkono wangu hauna kosa. Kioo hiki kimepakwa rangi ya fedha kwa nyuma, na unene wake ni milimita 3, kwa hiyo nuru hupenya kwanza, hupinda, huakisiwa nyuma, kisha hutokea mbele ikiwa imesogea pembeni karibu milimita 3. Kijitabu kinaelekeza uso wa mbele uwekwe juu ya mstari uliochorwa kwenye karatasi ya vipimo, na hapo ndipo kasoro inapozaliwa. Nilipokisogeza kioo mbele kidogo, kiasi cha milimita mbili, hata mstari ukapita katikati ya unene wake, pembe mbili zikalingana. Ukitazama kwa makini utaona pia mwale wa pili, hafifu sana, kando ya ule mkuu. Huo umeakisiwa na uso wa mbele, ambao hurudisha takriban asilimia 4 tu ya nuru.

Kuhusu prizimu nina malalamiko mawili, na la kwanza ni zito. Kijitabu kinasema kwamba prizimu "hutengeneza" rangi. Hayo yalikuwa mawazo ya watu kabla ya Isaac Newton, ambaye alianza majaribio yake ya prizimu miaka ya 1660 na kuyachapisha mwaka 1672. Alitenga rangi moja kwa tundu dogo, akaipitisha katika prizimu ya pili, akaona kwamba inapinda tena lakini haibadiliki wala haizai rangi mpya. Kwa hiyo rangi zimo ndani ya nuru nyeupe tangu mwanzo, na prizimu huzitenganisha tu. Mtengenezaji ametia prizimu moja, hivyo mwanafunzi hawezi kurudia jaribio hilo na kukisahihisha kijitabu mwenyewe. Lalamiko la pili ni tochi, ambayo hutumia LED. Taa ya LED nyeupe kwa kawaida ni chipu ya buluu iliyofunikwa kwa fosfori, yaani unga unaong'aa ukipigwa na nuru, inayotoa nuru ya umanjano, kwa hiyo utepe wa rangi unaopatikana una buluu kali, kisha pengo lenye giza kidogo, kisha kijani, manjano na nyekundu. Nuru ya jua iliyopita katika mwanya mwembamba ilinipa utepe uliokamilika usio na pengo.

Taa tatu ndogo ndizo zilizonifurahisha kuliko vyote. Zikielekezwa pamoja kwenye karatasi nyeupe hutoa weupe unaoridhisha, na penseli ikisimamishwa mbele yake huangusha vivuli vitatu vyenye rangi: pale penseli inapoizuia nyekundu panakuwa samawati, inapoizuia kijani panakuwa majenta (waridi iliyokolea yenye uzambarau), na inapoizuia buluu panakuwa manjano. Nilikitazama kile kivuli cha manjano kupitia plastiki ya mistari, nikaona mkanda mwekundu na mkanda wa kijani, na katikati yake karibu hamna kitu. Manjano yale yalikuwa kazi ya jicho, ambalo hupokea rangi kwa aina tatu tu za seli na haliwezi kutofautisha mchanganyiko huo na nuru ya manjano halisi, yenye urefu wa wimbi wa karibu nanomita 580. Na bado kijitabu, katika ukurasa unaohusu taa hizi hizi, kinaandika kwamba buluu na manjano hufanya kijani. Ndivyo ilivyo kwa rangi za kupaka, kwa sababu kila moja hunyonya sehemu ya nuru na kijani ndiyo inayosalimika. Kwa taa, buluu na manjano hukaribia weupe, na jaribio la nusu dakika linatosha kuthibitisha hivyo.

Vichujio ni dhaifu. Kichujio cha buluu kinavujisha wekundu, jambo lililoonekana wazi nilipokiweka mbele ya plastiki ya mistari, na ndiyo maana maandishi mekundu yaliyopaswa kuonekana meusi chini yake yalibaki na rangi ya zambarau iliyofifia. Chekundu ni kizuri. Cha kijani kinafaa. Lenzi zinafanya kazi yake, sina zaidi la kusema.

Ningelinunua tena sanduku hili kwa ajili ya nusu duara na taa tatu. Prizimu ya pili nimekwisha kujitafutia, na ule ukurasa wa rangi nimeubandikia karatasi nyeupe yenye mchoro wa penseli na vivuli vyake vitatu, ili atakayelitumia baada yangu aanzie hapo.