Kabro za plastiki taka kwenye ua wa ploti: uzoefu wangu

Kabro, yaani tofali za kutandaza chini, nazikubali hata zikiwa za plastiki taka. Za kujengea ukuta, hapana, na sababu iko mwishoni. Zangu ni za milimita 60, sentimita 20 kwa 10, kwenye mita za mraba 40 huko Njiru, Nairobi. Mita moja hula 50, kwa hiyo nilinunua 2,100 ili zibaki za kukata na za akiba.

Humo ndani hamna saruji. Ni mchanga na plastiki, kwa kawaida sehemu tatu kwa moja kwa uzani, vikichanganywa kwa moto kisha kubanwa kwenye kalibu. Plastiki ndiyo gundi, na hapo ndipo kazi huharibikia. Mitungi ya mafuta ya kupikia, vizibo na beseni kuukuu huyeyuka kati ya nyuzi 110 na 170. Chupa za maji na soda hutaka kama 250, kwa hiyo zikiingia humo hubaki magamba yasiyoshika. Bomba za PVC zisikaribie kabisa: zikipata moto hutoa gesi ya asidi inayochoma mapafu na kutafuna mashine.

Kabla ya kulipa, pasua tatu kwa nyundo. Shehena yangu ya kwanza nilirudisha nusu. Moja ilikuwa na magamba meupe ya chupa, nyingine ina vitundu kama mkate: mchanga haukukaushwa, na maji yakikutana na plastiki ya moto hugeuka mvuke. Mizani nayo haidanganyi. Nzima ilikuwa kilo 2.1, yenye vitundu 1.7. (Ya zege ya ukubwa huo hukaribia 2.8, wabebaji walifurahi.)

Udongo mweusi wa Njiru hausamehe. Tulitoa sentimita 30, tukashindilia hadikoo (mawe ya msingi) 20, juu yake vumbi la kwari (unga wa mawe) 5, na mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita. Ukingo wa zege pembeni usiuache: kabro hizi ni nyepesi na laini, gari likikata kona husogea. Kama boza la maji huingia kwako, chukua za milimita 80.

Kosa letu lilikuwa kwenye nafasi. Fundi alizoea za zege, akazibananisha karibu na lango. Plastiki huvimba kwa joto kuliko zege. Jua la Februari likanyanyua safu nne zikafanya mgongo. Tuling'oa tukapanga upya kwa kuacha milimita 3 kati ya kabro, tukajaza mchanga mkavu uliochekechwa. Mgongo haujarudi.

Wakati wa kukata, grinda pia iweke kando. Diski huyeyusha plastiki, hunata, kisha hurusha. Msumeno wa meno makubwa, mwendo wa polepole, na ufagie unga wake kabla mvua haijaupeleka mtaroni.

Rangi: nyeusi na kijivu iliyokolea hustahimili jua. Nyekundu yangu imeanza kuchujuka upande usio na kivuli.

Sasa ukuta. Kaa moja la jiko lilianguka juu ya kabro likakaa dakika chache tu, likaacha shimo la ukubwa wa sarafu ya shilingi kumi, kingo zimejikunja na harufu kali. Kitu kinachoyeyuka hivyo kwa moto sikijengei ukuta. Sehemu ya kuchomea nyama nimebadilisha, nimeweka za zege.