Otokrosi au siku ya saketi: pesa yako ya kwanza iende wapi?

Kwa anayeanza, na gari lake lilelile la kwenda nalo kazini, naweka otokrosi ya kwanza, siku ya saketi (siku ya kuendesha gari lako kwenye njia ya mbio) yenye mwalimu ya pili, na gokati, vile vigari vidogo vya mbio, za kukodi ya tatu. Siku ya saketi isiyo na mwalimu inabaki mkiani, hata ikiuzwa kwa bei ya kutupa.

Kwenye otokrosi, koni hupangwa juu ya lami pana, kwa mfano uwanja wa maegesho au njia ya ndege isiyotumika tena, na magari hupita moja moja huku saa ikihesabu. Sehemu kubwa ya njia utaimaliza na gia ya pili. Ukikosea kona, unagonga koni, na kwa kanuni za SCCA, klabu ya magari ya michezo ya Marekani, kila koni inakuongezea sekunde 2. Kosa lako mara nyingi linaishia hapo. Unaweza kuingia kona kwa pupa, ukasikia matairi ya mbele yakilia na usukani ukiwa mwepesi ghafla mkononi, ukajua gari limeacha kukusikiliza, kisha ukalegeza mafuta na kuona linavyorudi njiani. Ni heri ulijue hilo mbele ya koni kuliko mbele ya lori.

Kinachokera ni uchache wa muda. Mizunguko 6 ya sekunde 50 ni dakika 5 tu za kuendesha kwa siku nzima. Saa nyingine ni foleni, pamoja na zamu ya kusimama uwanjani kuokota koni walizoangusha wenzako. Zamu hiyo usiikwepe. Ukiwa karibu hivyo unaona kabisa dereva mwepesi anakanyaga breki wapi na anaiachia wapi.

Siku ya saketi inakupa vipindi vya kama dakika 20, mara nne au tano, kwa hiyo unaendesha zaidi ya saa nzima. Si mashindano. Madereva hugawanywa kwa uzoefu, na kwa kundi la wageni kupita gari jingine huruhusiwa kwenye sehemu zilizonyooka tu, baada ya aliye mbele kutoa ishara. Mwalimu akiwa kiti cha pembeni, siku moja inaweza kukufundisha mengi mno.

Lakini ada ya kuingia ni mwanzo tu wa gharama. Matairi na pedi za breki huisha upesi, na mafuta ya breki ndiyo yanayonitia hofu zaidi. Hunyonya unyevu hewani kadiri yanavyozeeka. Mafuta mapya ya daraja la DOT 4 hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi; yakishashika maji, kiwango hicho hushuka hadi 155. Yakichemka hutoa mvuke, nawe unakanyaga pedali inazama bila kushika, tena pale unapoihitaji kuliko popote. Mwaga ya zamani, tia mapya kabla ya siku yenyewe. Mzunguko wa mwisho endesha polepole breki zipoe, na ukiegesha usivute breki ya mkono.

Soma pia mkataba wa bima, kwa sababu bima nyingi za kawaida hazilipi ajali ya saketi. Kama huwezi kumudu kulipoteza gari hilo, usilipeleke.

Gokati ni nzuri kwa kujifunza mstari wa kukata kona bila kuchakaza gari lako. Ila hazina springi, na nyingi za kukodi hufunga breki nyuma tu, kwa hiyo hisia zake hazihamii zote kwenye gari.

Kabla ya kulipa popote, uliza utapata mizunguko mingapi, kama kuna mwalimu, na kama helmeti zinaazimwa. Mwenye gari refu la kwenda juu aulize kwanza kama litakubaliwa, kwani otokrosi nyingi huyakataa kwa hofu ya kupinduka. Na kwenye ukaguzi wa asubuhi watatikisa betri, nati na beringi za magurudumu. Afadhali fundi wako awe amezitikisa wiki moja kabla.