Miezi minne ya kusomea kuhudumia wazee na wagonjwa wa nyumbani, Dodoma: uzoefu wangu

Mama mkwe wangu alipopata kiharusi nilimhudumia kwa miezi minane kwa akili ya nyumbani tu, hadi siku nilipomvua nguo kumwogesha nikakuta kidonda juu kidogo ya makalio, kikubwa kuliko kiganja changu. Baada ya msiba wake nilijiandikisha katika kituo kimoja cha binafsi hapa mjini, ambacho sitakitaja jina, kwa kozi ya awali ya kuhudumia wazee na wagonjwa walio majumbani. Ada ilikuwa shilingi 450,000 kwa awamu tatu. Sare na glavu tulijinunulia, jambo ambalo halikuandikwa kwenye fomu ya kujiunga.

Naanza na kilichostahili fedha yangu. Mwalimu wa vitendo alikuwa muuguzi mstaafu, na kwa kuwa kituo kilikuwa na sanamu moja tu ya kufundishia, tena iliyong'oka mkono, alitulaza sisi wenyewe. Zamu yangu ilipofika aliniamuru nilale chali bila kujisogeza hata kidogo, huku wenzangu wakiendelea na somo. Kufika dakika ya ishirini visigino vilikuwa vinawaka na nyonga zinauma, ndipo akaeleza kwamba mfupa unapoukandamiza mwili kwenye godoro damu haipiti vizuri, nyama hufa polepole, na kwa sababu hiyo mgonjwa asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, usiku na mchana. Vitabu husema tutafute wekundu, lakini yeye alitukumbusha kwamba kwenye ngozi zetu nyeusi wekundu hauonekani kirahisi, hivyo tupitishe mgongo wa mkono tukipapasa palipo na joto au pagumu kuliko sehemu za jirani. Nililia kidogo siku ile, kwa sababu pale pagumu pa mama mkwe nilikuwa nimepashika mara nyingi nikidhani ni mfupa.

Kugeuza kwenyewe tulifundishwa kwa khanga: unaikunja mara mbili, unaipitisha chini ya mgonjwa kuanzia mabegani hadi mapajani, kisha watu wawili wanavuta kwa pamoja badala ya kumburuta kwa makwapa, kwani kuburuta huchubua ngozi na kunaweza kuteguza bega lililolegea. Kulisha nako kuna utaratibu wake. Mgonjwa wa kiharusi huketishwa wima, kijiko kidogo huelekezwa upande wa mdomo wenye nguvu, unasubiri ameze, unakagua shavu kama halijaficha chakula, na baada ya kula humlazi kwa takriban nusu saa. Nilishangaa kujua kwamba uji wa uwele, ukiwa mzito kiasi, kwa wengi wao humezeka kwa usalama zaidi kuliko maji matupu, ambayo hukimbilia njia ya hewa.

Tulisisitiziwa pia kutomgusa mtu kabla ya kumsalimu na kumweleza tunachotaka kufanya. Wazee wengi wa huku wametoka vijijini, na niliona mara kadhaa jinsi "mbukwa" ya Kigogo inavyowalegeza kuliko maelezo marefu.

Sasa kasoro. Tuliahidiwa wiki sita za mazoezi wodini tukapata tatu na nusu, na kwa kuwa tulipelekwa kumi na mmoja katika wodi moja, sehemu kubwa ya muda tulifagia na kusukuma machela. Somo la kuandika taarifa za mgonjwa lilipita kwa siku mbili, ilhali ndilo ninalolihitaji kila jioni ninapomkabidhi mgonjwa kwa familia yake. Zaidi ya hayo, ni mwezi wa tatu wa masomo ndipo nilipouliza kama kozi imesajiliwa NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi na ufundi stadi, nikajibiwa kuwa cheti ni cha kituo chenyewe. Kosa hilo nusu ni langu; swali la namna hiyo huulizwa kabla ya kutoa hata awamu ya kwanza.

Kwa hiyo anayetaka kutumikia umma kijijini au mtaani kwake ni afadhali afuatilie mpango wa serikali wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, uliozinduliwa Januari 2024 kwa lengo la kuwa na wahudumu 137,294 ndani ya miaka mitano, ingawa kazi yao ni pana zaidi na haihusu hasa kukaa na mgonjwa mmoja kitandani. Mwenye mgonjwa nyumbani, au anayetafuta kazi kwenye familia kama mimi, kozi ya aina hii itamfaa iwapo atahakikisha mwalimu wa vitendo ni mtu aliyewahi kuuguza kweli.

Ninamhudumia babu mmoja Area D tangu mwezi uliopita. Binti yake hakuomba kuona cheti. Alinipeleka chumbani akataka nimgeuze baba yake yeye akiwa anatazama, nami nikamwomba khanga.