TAHADHARI: Anayejiita "Mwalimu wa Fantasi" ni TAPELI. Kala hela yangu na timu kanifungia

Ndugu zangu, naandika mikono inatetemeka. Siku nne nzima nimejiuliza niseme au ninyamaze, maana aibu ni yangu. Lakini jana nimeona kafungua grupu jipya na watu wanamiminika, wengine nawafahamu kabisa. Basi nasema, anayetaka kunicheka anicheke.

Nimepigwa 65,000. Kwa mwingine ni hela ya mafuta ya gari, kwangu mimi ni hela niliyokuwa naihesabu.

Wale wa ligi yetu ya kazini mnajua nilivyoingia kwenye FPL, ule mchezo wa fantasi wa mtandaoni ambapo unapanga timu ya wachezaji wa Ligi Kuu ya England na unapata pointi kwa wanavyocheza uwanjani, na mnajua nilivyochekwa siku ile ya chai, sirudii. Nilitaka msimu huu wa 2025/26 nicheze kwa heshima. Kumwuliza kaka yangu nilishindwa. Kaka akikufundisha jambo, mpaka shangazi Tanga atalijua. Nikaona bora nimlipe mtu nisiyemjua, anifundishe kimya kimya, siku ya kwanza niingie najua ninachofanya. Hapo ndipo aliponipatia, na nadhani wengi anawapatia hapohapo. Tangazo lake lilisema: "Darasa la waanzia, usione aibu, hakuna aliyezaliwa anajua."

Usiku wa Ijumaa tarehe 15 Agosti naukumbuka wote. Dedilaini ilikuwa saa 2:30 usiku, maana Liverpool na Bournemouth wanaanza saa 4:00 na mchezo unafunga dakika 90 kabla. Mimi niko jikoni, maharage jikoni, mtoto analia anataka simu. Nimechagua wachezaji tisa tu na hela imeniishia. Unapewa milioni 100 za mchezo kununua wachezaji 15, mimi Salah peke yake nimemnunua kwa 14.5 na Haaland 14, nikabaki nashangaa. Nikamwandikia yule mtu. Hakuandika, alinitumia sauti. Sauti ya upole, ya mtu aliyesoma, na nyuma yake unasikia kama watu ofisini. "Dada yangu, usihofu, zimebaki nafasi 3 za VIP. Elfu ishirini na tano, nakupangia mwenyewe kabla ya dedilaini."

Kabla sijajibu ikaja skrinishoti. Timu yake, nafasi ya 1,140 duniani msimu uliopita. Halafu skrinishoti za wanafunzi wake wanashukuru: "Mwalimu Mungu akubariki", "Mwalimu nimemaliza wa kwanza kazini." Hiyo ya kazini ndiyo iliyonimaliza. Nilijiona mimi.

Saa mbili kasoro dakika kumi nikatuma hela. Jina lililotokea kwenye simu kabla ya kuthibitisha lilikuwa la mwanamke, silo alilonipa yeye. Nililiona. Naapa nililiona, na kidole kikasimama. Nikamwuliza. Akajibu hapohapo kwamba ni laini ya mke wake, yake imejaa. Dakika zinakwenda, mtoto analia, nikabonyeza.

Kisha akaomba barua pepe na paswedi ya akaunti yangu ya mchezo, "ili nikupangie, hutawahi." Nikampa. Nampa mtu paswedi huku nakoroga maharage! Saa 2:22 nikafungua, timu imekamilika, kepteni Salah, makamu Palmer. Nikaona nimepata mtu wa maana.

Na usiku ule Mungu alivyotaka, Liverpool wakashinda 4-2 na Salah akafunga la mwisho kwenye dakika za nyongeza. Pointi za kepteni zinahesabiwa mara mbili. Saa sita usiku niko kitandani narukaruka peke yangu. Leo ndiyo najua kwamba kumpa Salah ukepteni siku ile hakukuhitaji mwalimu. Huyo ndiye aliyetoka kuvunja rekodi ya mchezo kwa pointi 344 msimu wa 2024/25, nusu ya dunia ilikuwa imempa kitambaa. Mimi sikujua. Nilidhani ni siri niliyouziwa.

Kwa furaha ile, Jumamosi asubuhi alipotangaza ligi ya pesa, kiingilio 40,000, mshindi wa mwezi wa nane anabeba milioni moja na nusu, nikatuma tena. Safari hii hata jina sikuangalia.

Wiki ya pili ndipo mambo yakaanza kuoza. Ijumaa tarehe 22 akatuambia VIP wote tumpe Palmer ukepteni, Chelsea wanakwenda West Ham, na tutumie chipu ya benchi, ile nyongeza inayokuhesabia pointi za wachezaji wa akiba pia, wiki hiyohiyo. Mtu mmoja kwenye grupu akauliza si mapema mno? Akamjibu kwa ukali kwamba msimu huu kila chipu zimetolewa mbili, kwa hiyo za kwanza ni za kutumia tu. Ni kweli zimetolewa mbili, ila za kwanza unaruhusiwa kukaa nazo mpaka wiki ya 19! Hakuna aliyetufukuza. Palmer akaumia kwenye kupasha misuli, hakucheza hata dakika moja, na Chelsea wakashinda 5-1 bila yeye. Kesho yake City wanafungwa na Spurs 2-0 nyumbani, Haaland hana kitu, na kepteni wangu wa akiba ndiye alikuwa yeye.

Sikumlaumu. Mtu kuumia ni kazi ya Mungu. Naye akatuma skrinishoti ya timu yake, kepteni Palmer, "hata mimi nimeumia, wanangu, tuvumilie." Nikamwonea huruma jamani. Mimi nikamwonea huruma yeye.

Jumatatu kazini, dada mmoja wa zamu yangu kaingia anaimba. Namwuliza kulikoni, ananiambia kwa siri amepata mtu anamsaidia fantasi, Ijumaa kamwambia ampe João Pedro wa Chelsea ukepteni, na João Pedro kafunga na kutoa pasi mbili za mabao. Nikamwambia nionyeshe. Akanipa simu. Picha ileile, jina lilelile, "Darasa la waanzia" lilelile, sauti ileile ya upole. Grupu lingine. Huko kwao kaandika saa 1:40 jioni: "Kepteni wa mwalimu ni João Pedro." Kwetu kaandika saa 1:43: "Kepteni wa mwalimu ni Palmer." Dakika tatu! Na skrinishoti ya timu yake kwao ina João Pedro na kitambaa, kwetu ina Palmer na kitambaa. Mtu mmoja, timu moja, wiki moja, makepteni wawili.

Tulikaa pale kaunta, wateja wanasubiri dawa, hatusemi kitu. Wote wawili tulikuwa tumeficha kwa aibu, na aibu yetu ndiyo iliyomlisha. Tungeambiana siku ya kwanza tungemkamata siku ya kwanza. Kwenye ukurasa wake wa hadharani, mnadhani aliweka skrinishoti ipi? Ya João Pedro, na maneno "niliwaambia." Sisi wa Palmer tulifutwa kama hatukuwahi kuwepo.

Bado nikajipa moyo, nikasubiri ligi ya pesa iishe. Wiki ya tatu akaingia mwenyewe kwenye timu yangu bila kuniuliza akamwuza Haaland na wengine wawili, nikakatwa pointi 8, kwa sababu unaruhusiwa badiliko moja bure na kila la ziada ni pointi 4. Jumapili Haaland akafunga kule Brighton. Jumatatu Mwalimu akatangaza mshindi wa milioni na nusu, timu ambayo hakuna aliyewahi kumwona mwenye nayo. Nikaandika mbele ya wote: Mwalimu, tupe linki ya timu yako na ya mshindi tuzione.

Akasema linki haina maana, namba ya timu inabadilika kila msimu. Sasa sikilizeni, hapa ndipo alipo mjanja: hilo ni kweli. Namba inabadilika. Lakini mume wa yule dada akanionyesha, ukifungua ukurasa wa timu ya mtu ya msimu huu, kwenye historia yake misimu iliyopita imeandikwa yote, pointi na nafasi. Nilipoandika hivyo kwenye grupu sikumaliza dakika. Nimetolewa, nimebloki­wa, na nikijaribu kuingia kwenye timu yangu paswedi haikubali. Timu bado iko kwenye ligi ya kazini, kaibadilisha jina, kaweka tusi. Wafanyakazi wenzangu wanaliona kila wakifungua. Mkuu wangu wa kitengo analiona.

Huyu mtu akamatwe! Si hela tu. Amenitukana mbele ya watu ninaokula nao. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015, itumike. Nimekwenda polisi, RB ninayo, na namba zake zote mbili nimezituma TCRA kwa 15040. Kila aliyepigwa naye afanye hivyo, hata kama ni elfu tano, tuwe wengi. Asiachwe kwa msamaha wa "nitarudisha kidogo kidogo". Afungwe, arudishe, na yule mwenye laini aitwe aeleze hela za watu zilipita kwake kwa nini.

Mnaniuliza inboksi dalili ni zipi. Jina la laini si lake. Haraka ya dedilaini. Skrinishoti tupu, linki hatoi. Anataka paswedi, na hakuna mchezo unaohitaji umpe mtu paswedi yako. Hilo darasa lenyewe ni faili la kurasa 11: makipa 2, mabeki 5, viungo 5, washambuliaji 3, wasizidi 3 kutoka klabu moja, mabadiliko ya bure unaweza kuyaweka akiba mpaka 5. Yote yameandikwa bure kwenye kanuni za mchezo, na mchezo wenyewe ni bure. Kaka yangu kaniambia haya yote jana kwa nusu saa tukinywa chai, na hakucheka.

Naandika haya mwanzoni mwa Septemba 2025, ligi imesimama kupisha mechi za timu za taifa na watu wengi wanataka kutumia waildikadi, ile chipu ya kubadilisha timu nzima bila kukatwa pointi, kupanga timu upya. Grupu lake jipya linaitwa darasa la waildikadi, picha ni kombe la dhahabu, bei 30,000, "nafasi zimebaki 3". Dedilaini ya wiki ya nne ni Jumamosi tarehe 13 Septemba, saa 7:00 mchana. Ataanza kuwasukuma kuanzia Ijumaa jioni. Kama mmeshaingia, tokeni leo, na kama mmempa paswedi, badilisheni sasa hivi kabla hamjamwuliza chochote.