Hori la wavu: zuri, ila trei yake inaudhi

Nimelipenda hori hili la chuma kwa sababu ya sakafu yake ya wavu. Mbuzi wakianza kuvuta majani makavu, vumbi na mchanga huchujika hadi kwenye trei ya chini. Sugua vumbi lile kwa vidole uone zinavyokwaruza, hizo ndizo punje zinazomaliza magego.

Wapo wanaosema mate ya mbuzi yanatosha kuyalinda meno. Ni kweli yana musini, protini zenye utelezi zinazopaka meno na kulainisha tonge. Lakini punje nyingi za mchanga ni ngumu kuliko enameli, lile tabaka gumu la nje la jino. Utelezi hupunguza msuguano tu, punje inabaki ileile. Kinachomwokoa mbuzi zaidi ni tumbo lake la kwanza: mchanga huzama humo, na anachocheua hurudi mdomoni kikiwa kimeoshwa. Farasi hacheui, anatafuna kila kitu na mchanga wake. Mwenye farasi analihitaji hori hili kuliko mimi.

Kasoro sasa. Trei haina mshikio na kona zake zinakata, vaeni glavu. Matundu nayo ni mapana mno, vijani laini, ambavyo ndivyo vitamu, vinadondoka pamoja na vumbi. Beberu wangu ameshajua kuipindua trei avirambe, mchanga na vyote.