Kompyuta nzito? Programu za kudefragi, na ipi ya kulipia

Kudefragi ni kukusanya vipande vya faili vilivyotawanyika kwenye diski na kuvipanga pamoja. Kabla hujatoa hata shilingi, jua una diski gani. Kwenye Windows 10 au 11 bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua Performance, halafu tazama kwenye Disk: imeandikwa HDD (diski ya sahani zinazozunguka na kichwa cha kuzisoma) au SSD (diski ya chipu tupu). Ukikuta SSD, usinunue chochote. Haina sahani wala kichwa cha kuhamahama, kwa hiyo faili lenye vipande husomeka karibu sawa na lililo zima. Kuidefragi ni kuichakaza bure.

Yenye shida ni HDD. Za laptopu nyingi huzunguka mara 5400 kwa dakika, yaani mzunguko mmoja ni milisekunde 11 hivi. Chukua video ya harusi iliyotawanyika vipande 2,000: kwa kila kipande kichwa kinahama, kisha kinangoja sahani ifike, wastani nusu mzunguko. Kungoja peke yake ni sekunde 11, na hapo video haijaanza kusomwa! Ile kri-kri unayoisikia ukiweka sikio karibu na kibodi ndiyo safari zenyewe.

Nafasi ya kwanza naipa iliyomo tayari ndani ya Windows. Andika dfrgui kwenye kisanduku cha kutafutia, bonyeza Optimize, kanywe chai. Ni bure, kwa kawaida hujiendesha kila wiki, na ikikutana na SSD haiidefragi kizembe bali huitumia amri ya TRIM, inayoiambia ni data ipi haitumiki tena. Haina picha za kupendeza, basi.

Ya pili ni Defraggler ya Piriform, wale wa CCleaner. Nayo ina toleo la bure. Uzuri wake ni kwamba unachagua faili moja tu, ile video, bila kugusa diski nzima. Ubaya: imezeeka, toleo la 2.22 ni la 2018. Asiyeogopa kuandika amri atumie Contig ya Sysinternals, zana za Microsoft. Kazi ni ileile, na ni nyepesi zaidi.

O&O Defrag ya Wajerumani naiweka mwisho. Si mbaya hata kidogo, ila ni ya kulipia. Ofisi yenye mashine nyingi za HDD inaweza kuifikiria. Mwenye laptopu moja, hapana. Pesa hiyo anzia nayo akiba ya SSD ya SATA (aina ya kiunganishi) ya inchi 2.5, inayokaa palepale ilipokuwa HDD kwenye laptopu nyingi za zamani.

Ukiamua kudefragi, kwanza angalia afya ya diski kwa programu ya CrystalDiskInfo. Ikisema Caution (tahadhari), nakili mafaili yako leo na usidefragi, maana diski mgonjwa haibebeshwi mizigo. Acha pia kama asilimia 15 ya nafasi wazi, la sivyo programu haina pa kupangia.

Na HDD utakayoitoa, kama bado nzima, itie kwenye kasha la USB uhifadhie nakala za zile harusi.